Jina la Fabiola

Jumanne jioni

Bado namshuku Kosmas. Katika ndugu wote wa mume wangu ni yeye tu anayejua kuwasha kompyuta yangu, na Jumamosi alikaa nayo sebuleni peke yake wakati mimi naanua kahawa.

Leo nimefungua barua pepe, kitabu cha anwani kitupu. Wanunuzi wote wa kahawa ya kikundi chetu cha akina mama wamefutwa. Mmoja wa Moshi ameandika kusikitika, ati nimemwambia kahawa yetu imeshauzwa. Mimi? Sijamwandikia neno.

Nikachomoa waya wa simu unaoleta intaneti. Nikapima virusi, mashine ikasema hakuna. Basi ni mtu, na mtu huyo analijua neno langu la siri.

Kosmas alipopita nilimuuliza hata kabla hajakaa.

"Shemeji, mimi sijagusa barua zako," akasema, akarudi zake Lipingo bila kunywa togwa. Nikasema moyoni, ni huyu huyu.

Mara jirani akaita kutoka barabarani, sauti ya kufika kanisani: "Hodi, Mama Fabiola!"

Nikaganda. Neno langu la siri ni Fabiola. Nililichagua nisije nikalisahau. Tangu nijifungue binti yangu wa kwanza, Mbinga nzima inaniita hivyo: sokoni, kanisani, kwenye mizani ya kahawa, hata madereva wa wanunuzi.

Nimelibadilisha. Kosmas nitamwomba radhi, ingawa...

Jirani aliuliza mbona simwitikii. Nami nikajiuliza mbona amekuja leo.