Dakika Tano Chini ya Ulimi

Nsemulwa, Mpanda
9 Julai 2023

Wifi yangu Dorotea,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe, shemeji Optatus na wanangu wote hapo Mtwara. Afya zenu zikoje? Kile kifua cha shemeji kimepona? Huku kwetu miili haijambo. Kaka yako Kalisti yuko Mbede tangu wiki iliyopita, anamalizia mpunga, na ameniachia salamu zako. Anasema mchele wako upo, usimnunie.

Najua umeshangaa kupata barua zama hizi za simu. Jumapili uliponiuliza tena mama alisema nini mara ya mwisho, nilikwambia mtandao unakatika, nikazima. Mtandao haukuwa na shida yoyote. Nilikudanganya. Kwenye simu ningelia, na wewe ungeanza kunibembeleza kabla hujajua unabembeleza nini. Kwa hiyo nimekaa mezani na nimeapa siinuki mpaka nimalize. Soma taratibu, na usisome mbele ya watoto.

Nianzie pale unapopajua. Miaka sita ya ndoa bila mtoto, na katika ukoo wenu wote ni wewe peke yako hukuwahi kunitazama tumbo kabla ya uso. Ulipokuja likizo uliniletea kile kipimajoto cha kioo, ukanifundisha kama unavyowafundisha wagonjwa wako: kila asubuhi, kabla sijainuka, nikiweke chini ya ulimi dakika tano, kisha niandike kwenye daftari. Joto likikaa chini siku nyingi halafu likapanda na kubaki juu siku tatu, basi yai limeshatoka. Baada ya miezi kadhaa nitajua siku zangu zinaangukia wapi, na Kalisti atajua lini asafiri na lini abaki. Ukasisitiza nisiongee, nisiinuke, nisinywe hata maji, maana nikivuruga siku moja nimevuruga mwezi. Mimi na mdomo wangu huu! Ulicheka ukasema labda hiyo ndiyo dawa yenyewe.

Kumbe dakika tano ni ndefu kwenye nyumba yenye mama mkwe. Mama yako unamjua, mtu wa Mpimbwe, asubuhi bila salamu kwake haijakucha. Alikuwa akiamka ananiita kutoka chumbani kwake, nami natakiwa niitike abee mama, niende nikapige goti. Sasa siku ya kwanza ameita, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu akamlalamikia Kalisti kwamba mke wake siku hizi anaamka na kiburi, amefunga mdomo kama mwenye jino bovu. Jirani yetu mama Mwandu akaumwagia moto petroli, akasema hayo ni masharti ya mganga, wapo wanaokatazwa kusema mpaka jua litoke. Jamani! Wiki nzima mama hakugusa ugali wangu.

Mwisho akanikalisha jikoni, akaniambia mficha uchi hazai, nimweleze ninachokifanya. Nikamwonyesha. Akakigeuzageuza kile kioo, akauliza kama hicho kijiti ndicho kitakachomletea mjukuu. Nikamwambia hakileti, kinaonyesha njia tu. Alijifuta macho kwa upindo wa kitenge chake, akanirudishia kwa mikono miwili. Tangu siku ile hakuniita tena kabla ya wakati. Akiamka alikuwa anakaa kitandani na rozari yake, anasubiri. Nikimaliza nagonga ukuta mara moja, ndipo anaita, naitika abee mama, naye anauliza leo kimesema ngapi, utadhani anauliza bei ya mahindi. Tuliishi hivyo zaidi ya mwaka, na hakukosea hata siku moja. Nakuomba ulishike hilo.

Mwezi wa tatu mwaka huu Kalisti alikuwa nyumbani siku zote nilizohesabu, akaondoka Jumanne kwenda Litapunga kwenye tumbaku. Joto lilikuwa limekaa thelathini na sita nukta tatu, nukta nne, halipandi. Jumatano asubuhi nikaweka kipimajoto, nikatazama saa ya ukutani. Haijaisha hata dakika moja, mama akaita.

Msibani niliwaambia nyote kwamba mama aliondoka usingizini. Wewe ulikwamishwa na barabara, ukafika tumeshazika, ukanishika mikono ukaniuliza kama alisema chochote. Nikasema hapana, alilala tu. Padre naye akahubiri kifo chema, na mimi nimekaa pale mbele nimejifunika kitenge. Ni uongo, wifi. Mama aliniita mara tatu.

Mara ya kwanza aliita Fausta. Ya pili aliita Fausta kwa nguvu, nikasikia kitu kinaanguka. Ya tatu hakutaja jina. Alisema mwanangu, kwa sauti ndogo sana. Na mimi nilijua. Usije ukanitetea kwamba sikujua. Mtu aliyesubiri mwaka mzima bila kukosea, siku akiita kabla ya wakati anataka nini zaidi ya msaada? Nilijua, na nikatazama saa. Nikajiambia zimebaki dakika tatu tu, nikiitika mwezi umeharibika, na mimi mwezi wa tisa natimiza thelathini na nane.

Tena kipimo chenyewe hakikuwa na cha kuongeza. Wewe mwenyewe ulinifundisha: joto likipanda, la kutokea limeshatokea. Kama mtoto alishika, alishika kabla ya asubuhi ile, hata ningeinuka nikakimbia. Sikuwa namlinda mtoto, wifi. Nilikuwa nalinda namba kwenye daftari.

Zilipotimia nilikitoa, nikakisoma dirishani. Thelathini na sita nukta nane. Nikaandika kwanza. Ndiyo, niliandika kwanza, na nilikuwa natabasamu. Ndipo nikagonga ukuta na kuitika abee mama. Hakujibu.

Nilimkuta sakafuni, kati ya kitanda na mlango, rozari iko mkononi. Nilimnyanyua, nikamlaza, nikamfunika vizuri, ndipo nikapiga yowe, na mama Mwandu alipoingia alikuta mtu aliyelala. Daktari alisema presha imempiga ghafla. Sikumuuliza kama dakika nne zingemwokoa. Ningeuliza, naye angeniuliza dakika nne zipi.

Na joto halikushuka. Siku ya kumi, siku ya kumi na nane, bado liko juu, nikaenda kupima mimba. Ulipopiga vigelegele kwenye simu nilikwenda nje kutapika, na haikuwa kwa sababu ya mimba. Sasa ni miezi minne na mtoto amechangamka. Kila anayekuja hapa anasema mama alikwenda kuniombea. Mama Mwandu aliyekuwa akinisema kwa uganga ndiye ananiletea uji wa ulezi. Wanasema mficha uchi hazai. Mimi nimeficha, na mimba imekaa.

Sikulaumu wewe wala kile kipimajoto. Ulinipa sharti la kupima joto, hukunipa sharti la kuacha mtu afe. Kalisti hajui lolote. Nimeona wewe ndiye uliyeuliza, basi wewe ndiye wa kwanza kujibiwa. Ukisema nimwambie, nitamwambia siku akirudi. Ukisema niende kwetu Magamba nikajifungulie huko, nitafunga mizigo bila kusema neno. Nimechana ukurasa wa mwezi wa tatu, nimeuweka humu ndani. Angalia mstari wa Jumatano, uone mwandiko ulivyonyooka.

Kuna jambo moja tu ninaloomba. Kaka yako ameshatangaza kwamba akiwa wa kike ataitwa Scolastica, na ukoo mzima umeshangilia. Likatalie kwa niaba yangu, wewe dada yake wanakusikiliza. Sitaweza kuliita jina la mama kila asubuhi ndani ya nyumba hii nikasubiri kuitikiwa.

Nisalimie sana shemeji, na wanangu uwaambie mamkubwa anawakumbuka. Mungu awalinde. Mimi siku hizi nikifungua macho tu, kabla sijanyanyua kichwa, naitika abee mama. Kalisti anadhani naota.

Ni mimi wifi yako,
Fausta