Korongo Aliyefungiwa Jikoni Kifanya

KITUO CHA POLISI NJOMBE
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Zipora binti Nahumu
Umri: miaka 49 kwa kukisia (alizaliwa wakati wa Maji Maji)
Kabila: Mbena. Dini: Mlutheri. Kazi: mkulima
Makazi: Kifanya
Tarehe: 17 Desemba 1954, saa nne asubuhi

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Mtu aliyefungwa humu kwa kosa la kuua ndege wa Serikali ni mume wa binti yangu Emilia. Jina lake silitamki. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawatajani wala hawaingiliani nyumba. Koplo analo kwenye daftari, inatosha.

Mkwe wangu ni mlinzi wa kinamasi cha Lihanga, penye vidimbwi na msitu, ambako ndege wa mbali hushukia mvua zikianza. Niseme kweli, kinamasi kile nilikichukia. Kinyungu changu, shamba langu la bondeni, kilikuwa mle, nikila mahindi mabichi kiangazi wenzangu wakimeza mate. Serikali ilipokataza kilimo pale, mkwe wangu ndiye aliyekuja kunitoa. Alisimama mbali, kainamisha macho, akamtuma Emilia aniambie. Nikajibu, "Basi hao ndege waje wanilimie!"

Mnamo tarehe 7 Desemba, Jumanne, saa tisa alasiri, mvua ya mawe ilipiga Kifanya. Ilipokatika, mkwe wangu alifika uani na korongo mweupe kwapani, bawa linaning'inia. Mguu ulikuwa umevimba, na pete ya bati yenye maandishi ya Kizungu, ile Wazungu huwavisha ndege wa mbali wawatambue, imezama nyamani. Aliikata kwa koleo pale pale, akaitia mfukoni ampelekee Bwana Nyama, mkubwa wake wa idara ya wanyama. Akampa Emilia yule ndege, Emilia akanipa mimi. Mkwe wangu hakusogea hata hatua moja kuelekea jikoni kwangu.

Manyoya niliyakata mimi. Kuku mgeni unamzungusha mafiga mara tatu asahau kwao, kisha unampunguza bawa asiruke. Korongo nilimfanyia vivyo hivyo, manyoya matano, nikayatupa jalalani, nyuma ya nyumba ya mkwe wangu. Niliona kuku tu, mwenye miguu mirefu. Jamani, ningejua!

Tarehe 14 alfajiri, Emilia alishikwa na uchungu. Tulipata lori la mbao, tukapita Njombe na Makambako hadi hospitali ya Ilembula. Jiko nililifunga kwa kufuli, ndege ndani na karai la vyura wa kula. Tarehe 15, saa saba mchana, Emilia alijifungua mtoto wa kiume. Nililia, sifichi.

Nilirudi Kifanya jana jioni nikipiga vigelegele. Jirani yangu Lucia akaninyamazisha. Akasema, "Mkwe wako kakamatwa juzi. Wamekuta pete mfukoni na manyoya jalalani. Wanasema kamla."

Nikauliza, "Yeye kasemaje?"

"Kasema ndege yu hai. Kuulizwa yuko wapi, kanyamaza."

Nikafungua jiko. Korongo kasimama juu ya kinu, kachafua sufuria zote, ananitazama kama yeye ndiye mwenye nyumba. Hapo nikaelewa. Angesema yuko jikoni kwa mama mkwe, wangevunja kufuli langu na kupekua vyungu vyangu. Mwanamume yule alikubali kifungo kuliko kuniaibisha. Na mimi miaka miwili, tangu anitoe kinyunguni, sijamtumia hata salamu! Sikulala kwa aibu.

Ndege huyu hapa, ndani ya tenga. Bawa limepona, manyoya yataota. Kosa la manyoya ni langu, niandikieni mimi. Na kinamasi kibaki cha ndege, nina shamba lingine juu.

Sasa Koplo andika, na mlango uache wazi asikie huko ndani. Festo. Festo hakuua ndege. Festo, una mtoto wa kiume.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda, sina la kupunguza.

Dole gumba la kulia: Zipora binti Nahumu

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Anyisile, nikamsomea shahidi, akayakubali. Korongo nimemkagua: yu hai, na alama ya pete ipo mguuni. Shahidi ameonywa kuhusu manyoya. Mtuhumiwa ameachiliwa kwa amri ya mkubwa wa kituo saa sita mchana na kukabidhiwa ndege wake. Wameelekea barabara ya Makambako kutafuta lori la Ilembula, mlinzi mbele na tenga, shahidi nyuma yake hatua ishirini.