G Yenye Mkono Mfupi

Jumatatu, 3 Machi

Leo tena herufi nene za kulala! Mteja wa viatu anataka PUNGUZO, wa mabasi anataka HARAKA, wa jimu anataka NGUVU. Wote wananyooshea kidole fonti ile ile. Nene, imeinama kwa mbele, ncha zimekatwa wazi bila vijimkia. Inakimbia hata ikiwa imegandishwa ukutani. Mimi siiamini. Mtu akikuinamia hivyo anapoongea, shika mkoba wako.

Lakini ndiyo inayotuweka mjini. G yake niliirekebisha mwenyewe mwaka jana. Ule mkono wa ndani ulikuwa mrefu, mashine ya kukata stika ikawa inauchana kila mara. Nikaufupisha. Hakuna aliyegundua. Bosi alisema tu siku hizi stika hazichaniki.

Mwanetu Chiriku kalia tena asubuhi, hataki chekechea. Baba yake ndiye humpeleka. Akaanza yale maneno yake kuhusu mdogo wangu — nikamkata. Ni chekechea ya mama yake mdogo, si jela! Akambeba mtoto, wakaondoka. Hajawahi kumpenda mdogo wangu.

Jumatano, 5 Machi

Jamani! Karatasi kwenye geti la chekechea, kwenye nguzo mbili, hadi mlango wa duka la dawa: WAZAZI, WATOTO WENU WANAPIGWA HUMU. Nene, za kulala. Mdogo wangu kanipigia analia mpaka simsikii. Watoto kumi na mmoja hawakuja leo. Anasema wakiondoka wengine kumi, anafunga — miaka sita ya jasho lake! Nani ana roho mbaya hivi? Nimemwambia aniachie mimi, nitamtafuta huyo mtu nimpate.

Alhamisi, 6 Machi

Nimebandua moja, nimeiweka chini ya taa ya kazini. G ya WANAPIGWA ina mkono mfupi.

Mkono wangu! Karatasi imetoka kwetu. Kikulacho ki nguoni mwako, hawakukosea waliosema. Tuko watatu tu: Bosi, mimi, na Rola, fundi wa mashine. Bosi hajui hata kufungua faili, huipigia kelele mpaka mtu amfungulie. Basi Rola. Na mke wa Rola anafungua chekechea yake mwezi ujao — Rola kaniambia mwenyewe, anacheka. Anacheka nini?

Ijumaa, 7 Machi

Rola kanisalimia mara mbili leo. Kwa nini mara mbili?

Jumamosi, 8 Machi

Nimemtegea. Kwenye kompyuta ya kazini nimefuta G yangu, nimerudisha ile ya asili, mkono mrefu. Akichapa nyingine, itamsema yenyewe. Kisha nikamuuliza kijuujuu habari za chekechea ya mkewe. Kasema wamemaliza kupaka rangi, nimlete Chiriku ajaribu bembea. Nikaitikia huku nikimtazama vidole.

Nyumbani mume wangu kaniuliza: na yale yaliyoandikwa, wewe unayaonaje? Nikamwambia habari yote iko kwenye G. Akanitazama sana. Akaenda kumwogesha mtoto.

Jumanne, 11 Machi

Karatasi mpya. WATOTO WANAFUNGIWA CHOONI. WAULIZENI. Nimekimbilia G kabla ya kitu kingine. Mkono mfupi!

Sasa inakuwaje? Kazini mkono ni mrefu tangu Jumamosi, na Rola hana kompyuta nyingine, hana hata flashi. Nimesimama namkodolea macho mpaka kaniuliza: dada, mbona unaniangalia kama nimekuibia? Nimeona aibu, nikajifanya natafuta gundi.

Halafu nikakumbuka. Januari nilishikwa na mafua, nikafanyia kazi nyumbani. Fonti niliihamishia kwenye laptopu yetu.

Nimefika nyumbani saa kumi na moja, nimeifungua hata viatu sijavua. Faili ya kwanza kabisa: Wazazi. Chini yake: Wazazi 2. Hakujisumbua hata kuficha!

Mume wangu hakukana. Kasema kaniambia mara tatu kwa mdomo, nikamwita mwenye wivu, akaona labda nitasikia kwa herufi zangu. Nikafoka. Nikamwambia amemmaliza mdogo wangu, amenidhalilisha, kwa nini asimkabili shemeji yake kama mwanamume? Kasema alimkabili. Alijibiwa kuwa mtoto ni mwongo. Kisha akaniuliza, bila kupandisha sauti: wiki nzima unaikagua G, umewahi kumuuliza mtoto?

Nimejifungia chumbani. Nina karatasi zote mbili magotini. Ajabu, ni sasa tu ndipo ninapozisoma.

Chiriku tulimpa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake. Alikuwa anaongea huku anatafuna, anaongea usingizini. Najaribu kukumbuka mara ya mwisho aliponisimulia kitu. Krismasi? Kabla?

Maji yanamwagika bafuni. Mume wangu anaita, taratibu: mama Chiriku, hebu njoo umtazame mtoto mgongoni.

Simu inalia. Mdogo wangu. Atataka kujua kama nimeshampata huyo mtu.

Inalia bado. Bafuni naitwa tena, na safari hii si sauti ya baba, ni ya Chiriku mwenyewe —