Filimbi ya Kiko cha Zefania

Jumatano. Ukungu umeshuka tangu alfajiri na mpaka saa hizi za mchana haujainuka. Makanya kule bondeni haionekani, hata bati la kanisa hapa jirani silioni. Nimekaa mlangoni kuandika kwa sababu ndani sitaki.

Mimi si mtu wa kuogopa, hilo liandikwe kwanza. Ile ndiva, bwawa linalomwagilia mashamba yetu yote, nimeichimba nikiwa na nguvu za watu watatu. Mpaka leo pembe ya msaragambo ikilia, watu wakikusanyika kwa kazi ya pamoja, ni mimi wananiuliza pa kuziba na pa kuzibua. Kusoma nilisoma darasa la ubatizo tu, lakini barua za ukoo mzima naziandika mimi.

Basi. Wiki ya pili sasa nasikia kiko cha Zefania.

Zefania ni rika langu. Tulitahiriwa siku moja, na tumbaku ya kwanza tuliivuta siku moja, tumejificha nyuma ya zizi la baba yake. Kiko chake kilikuwa na ufa shingoni. Akivuta kinapiga filimbi nyembamba, fiii, kama ndege aliyebanwa. Ukikaa naye siku zote huisikii tena.

Sasa amezikwa, na mimi naisikia.

Mwaka jana moyo ulitukamata wote wawili. Mimi ulinikuta ndivani nimeshika jembe: kifua kikabanwa, mkono wa kushoto ukafa ganzi, jasho likanitoka na kulikuwa na baridi. Yeye ulimkuta siku chache baadaye, akipandisha mzigo wa ndizi. Tukateremshwa kwa machela mpaka hospitali kule Same, tukalazwa vitanda vinavyopakana. Daktari alikuwa Mzungu, na msaidizi wake, Mpare mwenzetu, akatufafanulia.

"Wazee wangu, moyo una mifereji yake kama ndiva. Mmoja umeziba na kipande cha shamba kimekauka. Kilichobaki kitapata nguvu polepole mkiacha tumbaku. Mkiendelea, moshi utaibana na hiyo mifereji mingine. Mara ya pili machela haitawahi."

Niliitikia ndiyo. Nikawasha kiko kabla hatujamaliza kupanda mlima wa kurudi.

Zefania akaacha. Alikitundika kiko ukutani na hakukigusa. Mwezi wa tatu baada ya hospitali alikuwa anapanda mpaka ndivani bila kupumzika, na mimi nasimama kila penye jiwe, nasingizia natazama mahindi ya watu. Mimi, niliyemshinda huyu tangu utotoni kwa mbio, kwa jembe na kwa kila kitu.

Iliniuma. Hili sijamwambia mtu.

Siku moja ya msaragambo nikamsema mbele ya watu wote. "Zefania, kule Same ulikwenda kutibiwa moyo au kunyonyeshwa?"

Watu wakacheka. Naye akacheka. "Nyie chekeni. Mwenzenu nilinyonyeshwa nikakua, sasa nakula makande. Huyu bado anatambaa."

Wakacheka zaidi, safari hii wananicheka mimi. Jioni nikamfuata kwake na tumbaku ya kusokota. Nikakitungua kiko mwenyewe, nikakijaza mwenyewe. Nikamwambia, moja tu, kwa ajili ya rika. Akanitazama kidogo, akakipokea. Filimbi ikalia. Kesho yake nikaenda tena, na keshokutwa yake sikuwa na haja ya kumjazia.

Masika hayakuisha kabla ya lililotabiriwa Same kutimia. Alianguka kwenye njia ya ndivani, na machela haikuwahi.

Leo filimbi ilianza mapema. Nilikuwa hapa hapa mlangoni. Inalia, inanyamaza, inalia, karibu kabisa, na mbele yangu ukungu mtupu. Halafu ukungu ukatoa mtu. Ni Nakijwa, mjane wa Zefania, ameshika kitu kwenye kitambaa. Hatua zake sikuzisikia.

Kwetu kiko cha marehemu hakilali ndani matanga yakishaisha. Hupewa rika lake, naye hukijaza na kukivuta mara moja tu, ili marehemu aache kukidai.

"Shemeji, kiko chako hiki."

"Cha Zefania," nikasema.

"Chako. Wewe ndiye uliyekijaza. Harufu niliisikia nikiwa jikoni."

"Mbona hukunizuia?"

"Nilidhani unampenda."

Nikakipokea.

"Vuta basi tumalize," akasema, akasimama kungoja.

Nikajaza. Nikachukua kaa la moto jikoni. Kabla kiko hakijagusa mdomo, filimbi ikalia. Kiko kiko mkononi, kimepoa kama jiwe la mtoni, na filimbi inalia.

Nikaziba pumzi nisikilize inatoka wapi. Ikanyamaza.

Nikapumua. Ikalia.

Nakijwa hakuwa anatazama kiko. Alikuwa ananitazama kifuani. "Imeanza lini hiyo?"

"Wiki ya pili hii."

Nikaweka kaa chini. Nikachota udongo mwekundu, ule ule tunaozibia tundu la ndiva, nikaushindilia ndani ya kiko kwa kidole gumba, nikaupaka na kwenye ufa.

"Watu watasema umemnyima rika lako."

"Waseme. Nilichompa kilitosha." Nikamweleza yote, tangu maneno ya msaragambo mpaka ile jioni.

Alikifunga kiko kwenye kitambaa. "Mimi nilishajua, shemeji. Kesho pembe italia. Waambie wale waliocheka." Ukungu ukamchukua.

Tumbaku yangu yote nimeitumbukiza chooni. Hilo halikuwa gumu, mimi nikiamua nimeamua. Gumu ni kesho, kusimama kwenye tuta la ndiva na kusema kwamba Zefania alinishinda, na kwa hilo nikamuua. Nitasema, kama nitaweza kupanda mpaka huko.

Filimbi haijakoma. Maneno haya ya mwisho nayaandika nimeziba pumzi, na kumetulia kabisa hapa mlangoni. Mstari ukiisha itabidi nipumue.