Mtu wa Kulalia Mzigo

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni Nairobi, Jumamosi tarehe 19 Agosti 1995
Jina: Wahu Gichuru
Umri: Miaka 43
Kazi: Kununua na kuuza plastiki kuukuu
Makao: Kangemi, nyuma ya soko

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Mimi na mume wangu, marehemu Gerishon Gichuru, tulikuwa tukinunua chupa za plastiki kwa waokotaji na katika majumba ya Spring Valley. Tulizichambua, tukazipeleka Industrial Area kwa Bwana Kamlesh, anayezisaga na kutengeneza beseni.

Mnamo Alhamisi tarehe 17 Agosti 1995, saa mbili asubuhi, tulipakia lori linaloendeshwa na Haron Ndungu. Magunia yalipita kimo cha kibanda cha dereva. Nieleze hapa vizuri, kwa sababu naona afande anashangaa. Chupa tupu ni nyepesi. Ukikaza kamba zinabonyea, na mkifika njiani kamba imelegea, upepo unaingia chini ya turubai. Kwa hivyo lazima mtu alale juu, ametandaza mikono na miguu. Siku zote alikuwa Gerishon, kwa sababu alikuwa na mwili. Alikuwa akitutania, "Hii mzigo yenu haina uzito. Uzito yake ni mimi."

Haron hang'oi gari kabla ya Gerishon kugonga paa. Asubuhi hiyo alimwita, "Mzee, umelala?" Gerishon akajibu, "Nimelala. Twende." Akagonga. Nilikuwa nimeketi mbele kando ya Haron na sote wawili tulisikia.

Tulipopita Westlands, tukiteremka kuelekea mjini, upepo ulikuwa mkali. Nikasikia paa likigongwa haraka haraka, si kama kawaida yake. Nikamwambia Haron, "Simama, mzee anaita." Akaanza kupunguza mwendo. Kabla hatujasimama kamba ya mbele ilikatika, turubai likainuka pamoja na magunia na mume wangu.

Nilimkuta kwenye lami. Nilimwita, hakuitika. Chupa zilikuwa zimetapakaa barabara nzima na hakuna hata moja iliyovunjika. Nilizichukia sana. Haron alivua koti akamfunika, na alilia kuliko mimi.

Sasa afande ameniambia kwamba Haron amesema hakujua kuna mtu juu, kwamba mume wangu alikuwa abiria aliyejipandia. Haron amekula kwangu miaka mingi. Najua anaogopa kufutwa kazi, naye ana watoto. Sikuja hapa kumfunga. Lakini mimi pia nina watoto, na wakiuliza baba yao alikuwa akifanya nini kule juu, sitaki waambiwe alidandia gari la mtu. Alikuwa kazini.

Koti la Haron nimelifua, nimekuja nalo. Limebaki na doa.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, wala sina la kuongeza.

Sahihi: W. Gichuru

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili. Alikataa kutia sahihi mpaka nilipokata neno "abiria" nililokuwa nimeandika kwenye jalada kando ya jina la marehemu. Nimelikata. Alipotoka alimkuta dereva kwenye benchi ya nje, akamkabidhi koti. Dereva amerudi ndani na kuomba kuandikisha maelezo yake upya.

Konstebo Zachariah Ngui