Kishindo cha Baba

Dada mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, nikitumaini zamu za hospitali hazikuchoshi sana na kwamba unakula vizuri. Sisi huku ni wazima. Neno hilo nililifuta, kisha nikalirudisha.

Ile homa niliyokuandikia imeisha. Lakini nilipoinuka kitandani, miguu yangu haikutoa sauti. Nilikanyaga sakafu ya saruji kwa nguvu zote, na viatu vya shule miguuni, kimya. Darasani wakaniita Paka. Mama alijifanya hajagundua, ila kila mara aligeuka nyuma na kuuliza kama nipo. Siku moja alipakua chakula akaisahau sahani yangu.

Ndipo baba akasema viatu vyangu vimeisha soli, nimpe. Unamjua baba: hata homa iliponizidi hakusema pole, alikaa tu pembeni ya kitanda akishona viatu vya watu. Siku hiyo alijifungia karakanani mpaka mama akapiga kelele kwamba chakula kinapoa, na kama ameoa gundi aseme.

Kesho yake nikasikika. Ta, kisha kwaruu. Mwenzangu wa dawati alisema natembea kama mzee aliyegombana na ngazi. Nilicheka, nikadhani soli ni nzito.

Baadaye wateja wakaanza kushtuka. Mwuza mboga alilalamika kuwa fundi atampandisha presha, anatokea kama moshi. Mama akatania kwamba atamfunga baba kengele. Kisha utani ukaisha. Mteja mmoja aliketi mbele ya baba, akaniuliza mimi fundi amekwenda wapi, na baba alikuwa ameshika kiatu chake mkononi. Juzi mama alipakua chakula akaisahau sahani ya baba.

Jana nilirudi kutoka shule nikitembea huku nasoma, kama kawaida yangu. Kwenye ujia wa nyumba nikamsikia baba anakuja. Unaikumbuka sauti ile: mguu wa kulia unatua, wa kushoto unaburuzwa, nasi tunaficha vitabu vya hadithi chini ya daftari la hesabu. Nikafunga kitabu haraka, nikageuka. Hakukuwa na mtu. Nikapiga hatua, naye akapiga. Nikasimama, akasimama.

Dada, baba alinivalisha kishindo chake.

Nilimwendea nikamwomba akichukue. Akasema soli ni soli tu, akaniuliza kama nimekula. Alipotoka na ndala kwenda kununua uzi, nikabandua soli yangu ya kushoto kwa koleo, nikaipigilia chini ya kiatu chake cha kushoto. Aliporudi akaitazama misumari iliyopinda, akasema kazi ya namna hiyo itamkimbizia wateja. Lakini alikivaa. Tukaingia ndani pamoja, mimi nikisikika mguu mmoja, yeye mmoja. Mama, bila kugeuka, akamwuliza baba mbona leo amewahi, akashusha sahani zote.

Sijui kishindo kimoja kitatutosha hadi lini. Uliandika kwamba hujawahi kumsikia baba akisema anakupenda. Hata mimi sijamsikia. Anakusalimu, na anasema visigino vya viatu vyako lazima vimelika, uje navyo avitazame.

Njoo, Dada, nyumba inahitaji miguu. Ila ukifika usivivue viatu mlangoni. Akikuomba, mnyime.

Wasalimie wenzako wa wodini.

Mdogo wako akupendaye,
Miwani