Mbegu ya Muhogo ya Mama

Marahaba, mjukuu wangu Salima. Huku Mnyambe tu wazima, na mikorosho imetoa maua.

Unauliza kama muifunge programu mnayoigawa bure, maana kampuni kubwa inaikodisha na kutajirika. Kompyuta siijui. Ila mama yangu aligawa bure mbegu ya muhogo wake mtamu, na mchuuzi mmoja akajaza vijiti hivyo vya kupanda kwenye lori akaviuze Masasi. Nilitaka tuzuie watu. Mama akakataa: "Achukue anayetaka, ila naye akiombwa asinyime."

Baadaye ugonjwa ulimaliza mihogo yetu. Mchuuzi hatukumwona. Walikuja watu wa kijiji cha Chiwata, kwa miguu, na mizigo ya vijiti kichwani. Mama hakumjua hata mmoja.

"Mbegu hii," walisema, "tuliambiwa ilitoka kwako."

Bibi yako